Kwetu Hakuna Kupe

Ndugu zangu mnaofuga hapa Kisaju, na nyinyi wa Kitengela mnaopitia dukani kwangu mkiwa na haraka, leo ketini kidogo niwaeleze yaliyoipata nyumba ya jirani yangu, Mzee Kahiga. Yeye mwenyewe ameniruhusu kusema. Mimi ni Makena, nauza dawa za mifugo kando ya barabara ya Namanga, na katika habari hii nina kosa langu ambalo nitalikiri tukilifikia.

Boma la Kahiga lilikuwa la kupendeza. Ukiingia asubuhi ungemkuta mkewe, Keziah, yaani Mama Mwihaki, amekalia mzigo wa majani mabichi, anayakatakata kwa panga huku akimwimbia ng'ombe wao nyimbo za kanisa. Ng'ombe huyo walimwita Malkia. Alikuwa wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, na tangu anunuliwe hakuwahi kutoka nje ya banda lake la saruji. Alikula humo, akanywa humo, akalala humo. Maziwa yake yaliwatosha wenyewe na majirani, na hata chai yangu ya saa nne ilitoka kwake. Keziah ana ugonjwa wa sukari, lakini alijitunza vizuri, na sisi majirani tulisema kazi ya banda ndiyo iliyomweka imara.

Kahiga alihamia huku kutoka Nyandarua miaka kumi na miwili iliyopita. Ni mtu mwema, mkarimu, lakini kulikuwa na jambo moja lililomvimbisha kichwa, nalo ni lile banda. "Kupe ni wa ng'ombe za kuzurura," alikuwa akisema, hata mbele ya jirani yake Simel, Mmaasai ambaye ng'ombe wake hulishwa nyikani kama walivyolishwa wa baba yake. "Wangu hajakanyaga majani ya mtu. Kwetu hakuna kupe." Simel alikuwa akicheka tu na kwenda zake.

Sasa kosa langu. Kwa mwaka mzima Kahiga alinunua kwangu dawa ya kuogeshea ng'ombe mara moja tu, kichupa kidogo, na kile kichupa kilikaa dirishani pake hakijafunguliwa. Nilikiona kila nilipokwenda kuchukua maziwa. Nilinyamaza. Ni vigumu kumfundisha mzee wa watu ufugaji huku umeshika kikombe cha chai yake.

Sote tulisahau jambo moja, nalo ni majani. Shamba lake la napier, majani ya kulishia ng'ombe, lilipatwa na ugonjwa, likadumaa, ikabidi anunue majani yanayoletwa kwa mkokoteni wa punda. Majani hayo hukatwa huko nyikani, pale pale wanapopita ng'ombe wa Simel, swala na pundamilia. Kupe hupanda juu ya jani, akatulia, akangoja mwenye damu apite. Malkia hakumfuata kupe. Kupe ndiye aliyeletwa kwake, amefungwa kwa kamba ndani ya mzigo, akabwagwa mlangoni.

Haikupita mwezi, Malkia akaacha kula. Tezi za chini ya masikio zikavimba, akaanza kukohoa. Simel alipopita akasimama kwenye ua.

"Sopa, mzee."

"Ipa," Kahiga akaitikia.

"Hii ni oltikana. Nyinyi mnaita ndigana, ugonjwa wa kupe. Funua hilo sikio uone ndani."

"Simel, tuheshimiane. Huyu amekula karatasi ya plastiki."

"Mimi nimelelewa na ng'ombe, mzee. Ita daktari wa mifugo leo. Kesho utakuwa umechelewa."

"Hizo ni shida za ng'ombe zenu," Kahiga akasema, akaingia ndani. Alimdunga Malkia dawa iliyokuwa imebaki nyumbani, hata hajui ni ya nini. Siku ya tatu ng'ombe akafa huku povu likimtoka puani. Keziah alilia kama aliyefiwa na mtu, na mimi sikumcheka, kwa sababu nililia pia.

Lakini ningekuwa nawaeleza habari ya ng'ombe tu, nisingewasumbua. Siku ile ile Malkia alipozikwa, Keziah alihisi kitu kikimwasha kiunoni, chini ya mkanda wa sketi. Akamwomba mumewe aangalie. Alikuwa kupe, ameshika kisawasawa. Kahiga akampaka mafuta ya taa, akamvuta kwa kucha, na alipotoka akampasua hapo hapo kwa vidole.

"Si ni kupe huyo?" Keziah akauliza.

"Ni kupe, lakini usiambie mtu. Watu watasema banda letu ni chafu. Na Simel akisikia, atacheka mpaka Isinya."

Keziah akaahidi. Wameoana miaka thelathini na mitatu, na hajawahi kumwaibisha mumewe mbele ya watu.

Wiki moja baadaye alishikwa na homa. Kichwa kilimuuma hata akafunga mapazia mchana. Kahiga akamnunulia dawa za malaria bila kumpima. Aliposhindwa kupata nafuu, wakaenda hospitali, wakamkuta Daktari Wakhungu. Akampima malaria, hakuna. Akamwomba alale kitandani amkague mwili, Keziah akaona haya, akasema mwili wake hauna kitu ila uchovu. Daktari akauliza, "Mama, kuna mdudu amekuuma siku hizi? Labda kupe?"

Keziah akamtazama mumewe. Kahiga ndiye aliyejibu.

"Daktari, ng'ombe wetu alikuwa wa kulishwa ndani. Kwetu hakuna kupe."

Daktari akaandika alivyoambiwa. Wakapewa dawa za homa ya matumbo, wakarudi nyumbani. Msiwe wepesi wa kumlaani Kahiga, ndugu zangu. Jiulizeni ni mara ngapi nanyi mmemficha daktari jambo dogo la nyumbani kwa kuogopa kudharauliwa. Mimi nimewahi.

Siku ya tano ya homa Keziah hakuweza kuinuka. Nailantei, mke wa Simel, alikuwa akimletea maziwa tangu Malkia afe, na siku hiyo tuliingia pamoja.

"Takwenya, Mama Mwihaki," Nailantei akamsalimia.

Keziah alipaswa kuitikia "iko", kama ilivyo desturi yao wawili kila siku. Badala yake akamuuliza kama Malkia amepewa maji. Tukatazamana. Mwili wake ulikuwa wa moto, na midomo imekauka. Tukaamua kumwosha na kumbadilisha nguo. Nailantei alipomgeuza ubavu, akasimama ghafla.

"Makena, njoo uone."

Kiunoni palikuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi, kavu, kama mtu amechomwa kwa sigara, na nyama ya pembeni ilikuwa nyekundu. Vipele vidogo vilikuwa vimeanza kutapakaa mikononi hadi viganjani.

"Hii si jipu," Nailantei akasema. "Hapa ni mahali kupe alikula. Shangazi yangu alikuwa na alama kama hii. Mama Mwihaki, uliumwa na kupe?"

Machozi yakamtoka Keziah. Akasema polepole, "Baba Mwihaki alisema nisiseme."

Kahiga alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Nimemfahamu mzee huyu miaka mingi, na sijawahi kumwona amevunjika namna ile. Nailantei akampigia mumewe simu, na Simel akaleta pikapu yake bila kuuliza swali. Tukamlaza Keziah juu ya godoro, tukaondoka.

Daktari Wakhungu alipomwona alianza kuita wauguzi. Kisha akamgeukia Kahiga. "Mzee, juzi nilikuuliza."

Kahiga akavua kofia. Simel alikuwa kando yake, na hapakuwa na pa kujificha.

"Nilidanganya, daktari. Kupe alikuwako. Nilimtoa na hizi kucha zangu. Niliona aibu, sana sana kwa huyu," akamwonyesha Simel, "kwa sababu nimemtukania ng'ombe zake miaka yote hii."

Nilidhani Simel angemsuta, maana alikuwa na haki. Akamshika bega tu. "Mwambie ni siku gani, mzee. Daktari anataka kujua siku."

"Siku tuliyozika ng'ombe. Leo ni siku ya kumi na mbili."

Dawa ya homa ya kupe ikaanzishwa saa hiyo hiyo, bila kungoja majibu ya maabara. Daktari hakutuficha. Alisema sukari imepanda, figo zimeanza kuchoka, na kama ile dawa ingeanza mara ya kwanza walipokuja, hali isingefika pale. Kwa siku mbili Kahiga alikaa kwenye benchi la nje akikataa hata uji. Siku ya tatu asubuhi homa ikashuka, na Keziah akafungua macho akiwa na akili zake.

Kahiga alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Keziah akamtangulia.

"Baba Mwihaki, kama ningekufa, ungewaambia watu nimekufa na nini?"

Kahiga ameniambia jibu bado analitafuta.

Mafunzo

Kwanza, kupe hachagui kabila wala banda. Anakuja na majani, na mbwa, na nguo zako mwenyewe ukitoka nyikani. Majani ya kununua yatandaze juani siku kadhaa kabla ya kuyaingiza ndani. Hilo halimalizi kupe wote, lakini linawapunguza, na usiyakalie. Ng'ombe mkague masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele, umwogeshe kwa dawa iliyopimwa kama karatasi yake inavyosema, si kwa kukisia kwa macho. Ndama wachanjwe dhidi ya ndigana. Muulize daktari wa mifugo, au njoo uniulize, na safari hii sitanyamaza.

Ndigana ya ng'ombe haimwingii mtu, lakini kupe ana magonjwa mengine ya kumpa mtu. Mwihaki, binti yao anayesoma ng'ambo, anasema huko wana ugonjwa wa kupe unaoitwa Lyme, na watu wakitoka msituni hujikagua mwili mzima bila kuona haya. Tufanye hivyo hivyo. Angalia nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, kichwani kwa watoto. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa, usimchome, usimpasue kwa vidole. Osha kwa sabuni, kisha ikumbuke tarehe.

Na homa ikija ndani ya wiki mbili, au ukiona gamba jeusi mwilini, usinunue dawa za malaria kwa kubahatisha. Nenda hospitali, na kabla daktari hajakuuliza, mwambie kulikuwa na kupe. Waume, msiwafunge wake zenu midomo kwa ajili ya sifa ya banda. Na wewe mama uliyeambiwa unyamaze, mwili unaoungua ni wako, kwa hiyo sema.