Mate ya Dobi kwenye Koti

Kila asubuhi dobi na mkewe walifungua kibanda chao mapema. Mke alifua nguo. Ndani ya kila ukosi alishona nyuzi ndogo za rangi, kila mteja na rangi zake, ili nguo zisichanganyike. Mume hakuijua hata moja ya alama hizo. Kazi yake ilikuwa pasi.

Na kila asubuhi waligombana kwa jambo lilelile.

"Baba watoto, tumia chupa ya kunyunyizia!" mke alisema. "Watu wazima wanavaa mate yako."

"Chupa huziba," mume alijibu. "Mdomo wangu umewahi kuziba?"

Alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shati, kisha akapitisha pasi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani.

Kisha duka la simu la mtaa wa pili likavunjwa. Mwizi alikimbia, koti lake likabaki limenasa dirishani. Polisi waliona nyuzi ndani ya ukosi. Wakaenda kwa dobi, wakamuuliza koti ni la nani.

"Mimi sijui alama, anayejua ni mke wangu," mume alisema. Siku hiyo mke alikuwa sokoni kununua sabuni. Hawakumsubiri, walidhani mume anasingizia. Walimpangusa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, wapeleke mate yake maabara. Alikubali, kwa sababu hakuwa na la kuficha.

Wiki iliyofuata walirudi wakamfunga pingu mbele ya wateja, pasi ikiwa bado ya moto.

Mke alifika kituoni akihema kwa hasira. Mpelelezi wa kesi alimwonyesha simu yake.

"Mama, hii ni programu mpya ya kusoma vinasaba. Maabara wamepima mate yaliyokuwa kwenye koti. Unaona hii? Milioni kwa moja! Maana yake mumeo ndiye mwizi. Simu haina undugu na mtu."

Mke aliondoka. Njiani alianza kumshuku mume wake mwenyewe, baba wa watoto wake. Jambo hilo lilimuuma kuliko zile pingu.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa mwalimu wa maabara chuoni. Alimkuta mke uani, anapigapiga nguo kwenye jiwe kama anayezichukia.

"Mdogo wangu, utazichana. Kuna nini?"

Mke alimweleza. Jirani akavuta kigoda.

"Vinasaba vimo mwilini mwako," alisema. "Vimo kwenye damu, kwenye mate, hata kwenye jasho. Vya kila mtu ni tofauti, isipokuwa pacha wa kufanana. Programu inalinganisha vya kwenye koti na vya mumeo."

"Na ile milioni?"

"Ile inapima jambo moja tu: kama mate ni ya mumeo, au ni ya mtu mwingine asiye ndugu yake. Inasema yakiwa ya mumeo, matokeo yale yanaeleweka mara milioni zaidi kuliko yakiwa ya huyo mwingine. Basi! Haisemi mate yalifikaje pale. Haisemi yalifika lini. Wala haisemi nani alivunja duka. Mpelelezi ameisomea simu maneno ambayo haikusema."

Mke aliiangusha nguo.

"Yalifikaje? Dada, si anayapuliza kwa mdomo! Kila nguo!"

"Kwa mdomo?" Jirani alishika kichwa. "Na hakuna aliyeuliza?"

"Nani aulize? Walikuwa wanatazama simu!"

"Basi tafuta wakili wa msaada wa kisheria, mwende pamoja. Mdai ripoti kamili ya maabara. Na muulize, vinasaba vya kwenye koti ni vya watu wangapi?"

Kesho yake mke alikwenda kituoni na wakili, naye wakili akauliza hivyohivyo. Mpelelezi aliifungua ripoti shingo upande.

"Vya watu wawili," alisema. "Wa pili hajulikani. Lakini wetu tumeshampata."

Hapo hasira ilimpanda mke.

"Afande, hilo shati ulilovaa ulilileta kwetu. Nani alilipiga pasi?"

Mpelelezi alijitazama kifuani.

"Lipime!" mke alisema. "Utamkuta mume wangu humo. Milioni zako zitasemaje? Kwamba yeye ndiye mpelelezi?"

Askari wa mapokezi aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mpelelezi hakucheka. Alikwenda mwenyewe kulileta koti.

Mke aliukunjua ukosi. Nyuzi zilikuwa za kijani na njano.

"Ni la dalali wa nyumba, anakaa nyuma ya soko. Mimi ndiye niliyezishona. Mngenisubiri nitoke sokoni, mume wangu asingelala sakafuni mahabusu!"

Dalali alipimwa. Vinasaba vya mtu wa pili vikalingana na vyake. Safari hii mpelelezi hakuishia kwenye simu. Aliuliza koti lilifikaje dirishani, akapekua chumba cha dalali, akazikuta simu za dukani chini ya kitanda.

Mume aliachiwa siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata alinunua chupa ya kunyunyizia bila kuambiwa. Siku hizi kituoni pale, programu ikitoa jibu, wanaitisha ripoti nzima na kuuliza vinasaba vilifikaje mahali hapo.

Mpelelezi alikuja kuchukua shati lake. Mume alikuwa kwenye pasi, ameinamisha kichwa.

"Pole, mama," mpelelezi alisema.

Mke hakuliachia shati.

"Pole anapewa mgonjwa. Sisi hatukuugua. Wewe ndiye uliyekosea."

Mpelelezi alitazama chini. "Samahani, mama."

"Si mimi," mke alisema. "Mwambie yeye. Na useme kwa sauti, wateja wasikie. Pingu ulimfunga mbele yao."