Jina Lililoitwa Ukunguni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Leticia aliteremka bondeni kuteka maji ya chemchemi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi na bibi yake, Kunegunda, huko Matogoro, pembeni mwa mji wa Songea. Mwezi Julai baridi ya Matogoro haina mchezo. Ukungu ukishuka kutoka milimani, hata mbuzi wako mwenyewe unamsikia tu, humwoni.

Wiki ile bondeni kulikuwa na kitu kigeni. Wapimaji walikuwa wamesimika mabomba ya chuma yenye vitambaa vyekundu, mengine kuzunguka chemchemi, moja mbele ya mlango wa Bibi. Biashara huria ilikuwa imeingia, na matajiri walitafuta viwanja kila kona. Halmashauri ilitaka bonde liache kuwa la makazi na bustani, liwe la viwanda na maghala. Kikao cha kulijadili jambo hilo kilikuwa na watu sita, tena ofisini, mjini.

"Watu sita!" Bibi aliwaka. "Na sisi tunaokunywa maji haya hatuna midomo?"

Alizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe, Mzee Athanasi, mpaka ofisa ardhi akakubali kuja Jumamosi kuwasikiliza wakazi wote. Lakini ofisa alitoa sharti moja. Kila mwenye nyumba ataitwa kwa jina, aitike, aseme lake. Wakiitika chini ya nusu, mpango utaendelea kama ulivyo, na nyumba ya Bibi itabomolewa.

Alhamisi, Leticia aliikalia ndoo mpya ya Bibi akaserereka nayo kwenye nyasi zenye umande. Raha iliyoje! Alipanda tena juu, akaserereka tena, mpaka ndoo ikagonga jiwe na kupasuka. Akainama kuokota vipande. Ndipo aliposikia ile sauti.

"Uuuuuu..."

Ilitoka kwenye ukungu, nzito, kama ya mtu mwenye maumivu. Ikanyamaza. Ikaanza tena upande wa pili, karibu zaidi. Leticia alitimua mbio, hakugeuka nyuma.

"Ndoo iko wapi?" Bibi alimuuliza mlangoni.

Hapo angeweza kusema kweli. Lakini alimwogopa Bibi, na uongo ulikuwa umekwisha kufika ulimini.

"Bibi, bondeni kuna sauti! Niliangusha ndoo nikakimbia. Ilikuwa... ilikuwa inaita jina. Inaita Kunegunda."

Bibi aliweka mwiko chini polepole. Pale kijana na mzee wote wanajua: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana huenda ni wafu wanaokutaka. Hakuuliza tena habari za ndoo.

"Yesu na Maria," alinong'ona.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umejua. Ijumaa sauti ililia tena, na safari hii watu wengi waliisikia. Mmoja akasema imemwita yeye. Mwingine akasema imemwita marehemu kaka yake. Milango ikafungwa mapema, na hakuna aliyepita karibu na yale mabomba. Leticia alijua kwamba jina lilikuwa lake la kubuni, ila sauti yenyewe ilimtisha hata yeye.

Jumamosi asubuhi wakazi walikuja uwanjani, kwa sababu Mzee Athanasi aliwasihi sana. Ukungu ulikuwa mzito ajabu. Watu walikaa chini wamejifunika mashuka, na meza ya ofisa haikuonekana, wala ofisa mwenyewe. Ghafla kipaza sauti kilikoroma mbele yao.

"Otto Komba!"

Kimya.

"Leonce Haule!"

Kimya. Leonce alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwa Leticia, ameinamisha kichwa. Majina yaliendelea kuitwa moja baada ya jingine, na umati wote ulikaa pale kama haupo. Leticia alisikia watu wakipumua.

"Kunegunda Mapunda!"

Bibi aliishika rozari yake kwa nguvu. Hakuitika.

"Basi," kipaza sauti kilisema, "naona wakazi hawakufika. Nafunga..."

"Wapo!" Leticia alipiga kelele huku akilia. "Bibi yangu yupo! Wote wapo! Mimi ndiye niliyedanganya!"

Alikimbia mpaka mezani. Huko, katikati ya kwikwi, alieleza kwenye kipaza sauti habari ya ndoo, ya kuserereka, na ya jina alilolibuni. "Sauti ilikuwepo, lakini haikumwita mtu."

Mpimaji, Bwana Rupert, alikuwa amesimama nyuma ya ofisa. Aliokota kipande cha bomba, akapuliza kwenye ncha yake. "Uuuuuu," bomba likalia. Watu wakashtuka, halafu wengine wakaguna kwa aibu.

"Mabomba yale yana uwazi ndani," alisema. "Upepo wa mlimani ukipita juu yake, yanalia. Mngeniuliza, jamani."

Bibi Kunegunda alisimama, shuka likamwanguka mabegani.

"Nipo!" alisema. "Na maji yetu hayauzwi bila sisi kuulizwa!"

"Nipo!" akaitika Leonce. "Nipo!" akaitika Otto. Ikambidi ofisa aanze kuita majina upya. Walisema mpaka jua likatoka, naye akakubali kwamba mpango usimame kwanza, na kila mtaa wa bonde ufanyiwe mkutano wake. Baada ya mikutano hiyo, viwanda vilipangiwa eneo la kando ya barabara kuu, na chemchemi na nyumba zikabaki.

Siku ile njiani kurudi nyumbani, Leticia aliomba msamaha. 

"Ndoo ningekugombeza, ningenunua nyingine," Bibi alisema. "Lakini uongo wako ulituziba midomo mtaa mzima. Nilidai tuulizwe, tulipoulizwa nikashindwa kuitika. Mimi nami nimekosa, niliamini bila kwenda kutazama. Mjukuu wangu, jambo likikutisha, lisogelee uliulize. Na wewe ukiulizwa, sema kweli, hata kama fimbo iko mlangoni."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Sasa kaazime ndoo kwa Mzee Athanasi, na umweleze mwenyewe ile yetu ilivyopasuka."