Kizibao cha Karanga

Mbwa ndiye aliyeingia kwanza. Alipenya katikati ya wateja, akapita chini ya magauni yaliyotundikwa mlangoni, na kabla Fundi hajajua kinachoendelea, pua baridi ikamgusa kifundo cha mguu. Fundi alijikuta juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, gauni lake la bluu la vidoti amelikusanya magotini, akipiga yowe lililosimamisha biashara upande mzima wa soko.

"Samahani, dada! Hang'ati!" Kijana mrefu alikuwa akisukumana na watu kuingia. Alivaa ovaroli ya kijivu iliyotobolewa na cheche kifuani, na shingoni amening'iniza filimbi. "Karanga! Hebu toka. Unaona unavyoniaibisha mbele ya watoto wa watu?"

"Wote husema hang'ati," Fundi akajibu kutoka juu. "Hata mwenye yule aliyeniuma nikiwa darasa la pili alisema hivyohivyo."

Dada yake, mwenye duka, alikuwa amecheka mpaka ameegemea cherehani. "Shuka, mdogo wangu. Unamkimbiza mteja."

"Mteja yuko wapi?"

Kijana akamwonyesha mbwa kwa kidole. "Huyu hapa. Anataka kizibao."

Ikabidi aeleze. Yeye alikuwa mchomelea mageti kwenye barabara ya nyuma ya soko. Wenzake walimwita Filimbi. Siku za Jumapili, yeye na wenzake walichukua kibali na kwenda na mbwa wao pembeni mwa mji, wakulima walikowaita kwa sababu ya nguruwe pori. Nguruwe akigeuka, meno yake hukata kama wembe. Mbwa wa rafiki yake alikuwa amechanwa ubavu hivi karibuni. Sasa alitaka kizibao cha turubai zito, kimfunike Karanga kifua na mbavu.

"Nimeshona harusi, nimeshona sare za shule," Fundi alisema akishuka polepole. "Mbwa sijawahi."

"Hata yeye hajawahi kushonewa. Mtafundishana."

Fundi alimpima mbwa huku uso ameugeuzia ukutani. Filimbi alipiga magoti akamshika Karanga kichwa, na futi ilipopitishwa chini ya tumbo la mbwa, vidole vyao vikakutana huko chini, kwenye manyoya ya rangi ya karanga za kukaanga.

"Una mikono ya baridi," Filimbi akanong'ona.

"Ni woga."

"Basi woga wako una vidole laini."

Dada mtu akakohoa kwa nguvu kuliko kikohozi chochote cha kweli.

*

Simu zilianza jioni ileile, kwa kisingizio cha vifungo. Baada ya vifungo wakazungumzia rangi ya uzi, na baada ya uzi hawakuhitaji tena kisingizio.

"Hivi uliingiaje kwenye mambo haya?" Fundi alimuuliza jioni moja, amejilaza kitandani, simu imebanwa sikioni. "Mtu anaamkaje tu asubuhi akasema, leo nafukuza nguruwe na mbwa?"

"Nguruwe walifukua shamba la mahindi la mama, msimu baada ya msimu. Jirani akaja na mbwa wake wawili wazee. Mimi nilikwenda kumshikia kamba tu, mpenzi. Nikarudi na kitoto cha mbwa ndani ya shati."

"Na wenzako?"

"Bonge, dereva wetu wa pikapu, aliambiwa na daktari apunguze tumbo. Mbwa wake wamepungua, yeye bado."

Fundi alicheka mpaka dada yake akagonga ukuta. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimzunguka kichwani siku nyingi: "Na yule mtu wa kwanza kabisa kuwinda na mbwa? Alimwambiaje mbwa, twende?"

"Mimi nadhani hakumwambia. Nadhani mbwa alikuja kutafuta mabaki, akazoea. Siku moja mbwa akasikia harufu akakimbia, mtu naye akakimbia nyuma yake. Mtu akirudi nyumbani anasema nimemfundisha mbwa. Mbwa naye huko alikolala anasema nimemfundisha mtu."

"Na mimi ninayekufuata, utasema umenifundisha?"

"Mimi ndiye ninayekimbia nyuma, Fundi wangu. Hujaona tu."

Fundi alikata simu. Furaha yake haikuwahi kuja peke yake. Siku zote ilikuja imeishika hofu mkono.

*

Siku ya kukijaribu kizibao, Fundi alikuwa ameacha nafasi ya vidole vitatu kifuani, kama anavyoacha kwa mteja yeyote anayehitaji kupumua. Filimbi akakivuta.

"Kinapwaya. Miiba itakidaka, atanasa kichakani nguruwe amkute hapo. Bana."

Fundi akabana. Filimbi akavuta tena. "Bana kidogo tena." Karanga alikuwa amesimama ametulia, mdomo umefungwa, kama bibi harusi mwenye aibu. Fundi alihisi pini ikikaza mahali ambapo hakupenda ikaze. Alitaka kusema. Lakini Filimbi alikuwa amerudi nyuma hatua moja, macho yanang'aa. "Tazama! Kimemkaa kama ngozi yake. Hakuna fundi kama wewe mji huu."

Naye akameza neno lake, akakata uzi.

*

Jumapili ile Fundi alikwenda na Filimbi na wenzake, amevaa suruali ya dada yake na viatu vipya vyeupe vya raba ambavyo Bonge alivicheka njia nzima. "Shemeji, umevaa hivyo ili nguruwe akuone mapema?"

Jua lilichomoza likiwa kali tayari. Mbwa walifunguliwa kwenye ukingo wa shamba, na mara sauti zao zikazama vichakani, zikageuka kona, zikarudi. Filimbi alikimbia nyuma yao akipuliza filimbi fupifupi. Fundi alibaki kwenye pikapu, ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili.

Mbwa wengine walipoanza kurudi, Karanga hakuwamo. Filimbi aliita, akaita tena. Kisha mbwa akatokea kati ya mabua, anayumba kama mlevi, ulimi umekuwa wa zambarau. Alitembea mpaka karibu na gari, miguu ya nyuma ikalegea, akaanguka.

"Joto limempanda!" Bonge alipiga kelele. "Vua hiyo nguo! Vua!"

Vifungo vilikataa, kwa jinsi turubai lilivyokaza. Filimbi akachomoa kisu akakichana kizibao kutoka shingoni hadi kiunoni, na Fundi akaona mbavu za Karanga zikipanda kwa pupa, kama mtu aliyetolewa chini ya maji. Filimbi akambeba akakimbia naye hadi kwenye mfereji wa kumwagilia, akaingia na nguo zake zote. Fundi alimfuata.

"Nani alikwambia ukibane hivi?" Filimbi alimgeukia, maji yanamchuruzika, mbele ya wote. "Wewe ni fundi gani usiyejua mnyama anapumua?"

Fundi alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, Bonge alikuwa ameshawasha gari. Pikapu ikaondoka na mbwa na mwenye mbwa, naye akarudi mjini kwenye trekta la mkulima.

*

Simu haikuita. Yeye alipopiga, aliambiwa haipatikani. Kesho yake alishona vifungo vya shati upande wa ndani, dada yake akavifumua; Fundi akavishona tena upande wa ndani.

"Yeye ndiye aliyesema nibane, dada. Mara mbili."

"Basi kamwambie."

"Na kama mbwa amekufa? Nitamwambia nini? Akifa, kila akiniona mimi atamwona yeye. Hapatakuwa na chochote tena."

Mchana Bonge akaingia, amevua kofia, na Fundi akashika ukingo wa meza.

"Yu hai, shemeji. Yuko kliniki ya wanyama, ametundikiwa dripu. Lakini tangu jana hajakojoa. Daktari anasema joto linaweza kuwa limeharibu figo. Asipokojoa leo, au akitoa kitu cheusi kama chai ya rangi, basi. Na yule ndugu yangu amekaa sakafuni, hali, haondoki. Simu yake iliingia mferejini naye."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Anasema hana uso wa kukutazama."

Dada yake alishaanza kumvua futi shingoni. "Nenda. Mashati haya yameteseka vya kutosha." Fundi akaingiza miguu katika vile viatu vyeupe vya raba, alivyokuwa ameviosha usiku, akatoka.

*

Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dawa. Filimbi alikuwa ameketi kando ya mkeka, amevaa ile ovaroli ya kijivu, yenye tope lililokauka. Karanga alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umefungwa mpira wa dripu. Watu waliokuja na paka na kuku wao walikuwa wakitazama.

Filimbi alisimama. Hakumvuta pembeni. Alisema palepale, mbele ya Bonge na daktari na wenye kuku:

"Nilikufokea mbele za watu, basi nakuomba radhi mbele za watu. Wewe uliacha nafasi, mimi nikaiondoa. Niliogopa, nikatafuta wa kumtwika lawama."

Fundi akachuchumaa kando ya mbwa. "Nilijua kinabana," alisema taratibu. "Pini iliniambia. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unanisifu."

Mkono wake ulitua kwenye ubavu wa Karanga, ukapanda ukashuka nao. Hakukumbuka ameuweka saa ngapi.

"Mama yangu ameuliza ni nani ninayeongea naye usiku kucha," Filimbi alisema kwa sauti ya chini. "Akipona huyu, utakuja kumwona mama?"

"Na asipopona?"

Filimbi alimtazama mbwa. Akamnyooshea mpira wa dripu.

"Hata asipopona," akasema. "Nitalia, na wewe utakuwepo. Sitaki kulia na mtu mwingine."

Karanga alikunja miguu, akajikokota, akainuka akitetemeka, akaegemea mguu wa Fundi, ambaye naye alikuwa ameinuka. Majimaji ya moto yakaanza kumiminika juu ya kiatu chake.

"Usisogee!" Daktari aliruka kutoka kwenye kiti. "Dada, usisogee kabisa! Kiatu ni cheupe, acha nione rangi."

Fundi alikaza mwili. Hakuthubutu kutazama chini. Alimtazama Filimbi, na Filimbi alikuwa amefumba macho. Daktari alipiga magoti, akainama mpaka pua yake ikakaribia kamba za kiatu. Hata kuku walinyamaza.

"Njano," daktari akasema. "Njano safi kabisa, jamani."

Bonge alijipiga makofi mapajani, mama mwenye paka akaanza vigelegele. Filimbi alishuka chini akamkumbatia mbwa na mguu wa Fundi kwa pamoja, kiatu na vyote, mabega yakimtikisika.

Fundi naye machozi yalikuwa yakimdondoka, lakini alipata sauti.

"Mwambie mama yako nitakuja," alisema. "Ila mwambie pia, nitakuja na viatu vingine."