Misumari ya Shangazi

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Upepo alikwenda kufagia maranda katika karakana ya shangazi yake, fundi seremala. Jina hilo la utani alipewa darasani, maana hakuna kazi aliyoifanya polepole.

Juma lile darasa lao lilikuwa likiandaa mashindano ya magari madogo ya mbao. Sharti lilikuwa moja: kila mwanafunzi atengeneze magurudumu na ekseli kwa mikono yake. Shangazi alimwandalia seti moja ya mfano. Ekseli, yaani vyuma vya kuzungukia magurudumu, zilikuwa misumari.

"Chini ya kichwa cha msumari pana vinundu," alimweleza. "Viondoe kwa tupa, kisha piga msasa mpaka ujione uso."

"Uso mzima kwenye msumari, shangazi?"

"Hata pua tu inatosha."

Upepo alisugua msumari wa kwanza, vidole vikamuuma. Wa pili hakuumaliza. Shangazi alipotoka kupeleka kiti cha mteja, Upepo alichukua ile seti ya mfano akaifunga kwenye gari lake.

Kesho yake mwalimu alilisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, hata darasa likasogea kutazama.

"Umezing'arisha mwenyewe ekseli hizi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hongera! Basi Ijumaa, kabla ya mashindano, utawaonyesha wenzako."

Rafiki yake Kibogoyo alimnong'oneza, "Injinia! Nianze mimi kufundishwa, bwana. Magurudumu yangu yanalia kama paka."

Jioni shangazi alipekua rafu. "Umeiona ile seti ya mfano, mwanangu?"

"Sijaiona, shangazi."

Hivyo uongo wa pili ukaja kuulinda wa kwanza. Tangu hapo Upepo hakuwa na pa kupumulia. Shuleni aliiogopa Ijumaa, nyumbani aliiogopa rafu. Akimwambia mwalimu ukweli, shangazi atajua. Akimwambia shangazi, atalazimika kumwambia mwalimu. Akajaribu kumalizia misumari yake kwa siri, na kwa haraka zake akaipaka mafuta ya kupikia. Vumbi la mbao likanasa, likawa uji mzito. Gurudumu likakwama, kama yeye.

Ijumaa mwalimu aliingia na mgeni. "Mkaguzi wetu leo ni fundi seremala."

Alikuwa shangazi! Shangazi aliligeuza gari la Upepo, akaitazama misumari kwa muda mrefu. Kazi ya mkono wake mwenyewe angeisahauje? Kisha alimpa Upepo tupa.

"Haya, tuonyeshe."

Wanafunzi walikuwa wameizunguka meza pande zote. Hapakuwa na mwanya wa kupita hata paka. Upepo aliinua tupa, akaishusha.

"Siwezi," alisema. "Magurudumu haya si yangu, ni ya shangazi. Niliyachukua bila ruhusa, nikamwambia sijayaona. Nisamehe, shangazi. Nisamehe, mwalimu."

"Injinia kwisha!" mmoja alipaza sauti. Wengine wakacheka.

Mwalimu aliinua mkono wakanyamaza. "Kwa magurudumu haya hutashindana. Ya kwako yako wapi?"

Upepo aliyatoa mkobani, yananata. Shangazi aliyanusa. "Mafuta ya kupikia? Ulikuwa unayakaanga?"

Safari hii hata Upepo alicheka, machozi yakiwa mashavuni. Mwalimu alimpa zamu ya mwisho. Wenzake wakishindana nje, yeye alifuta, akapiga tupa, akapiga msasa, Kibogoyo akimshikia gari. Badala ya mafuta, shangazi alimwonyesha kupaka unga wa risasi ya penseli, usioshika vumbi.

Gari lake lilishika nafasi ya tatu kutoka mwisho, lakini lilifika.

"Umeona, mwanangu?" shangazi alisema wakirudi nyumbani. "Kazi ngumu ilikuchosha vidole kwa siku moja. Uongo umekuchosha moyo juma zima. Afadhali gurudumu bovu ulilolitengeneza mwenyewe. Hilo utajua namna ya kulirekebisha. Na kesho utanitengenezea seti nyingine ya mfano."

"Sawa, shangazi. Polepole."

Upepo alichomoa msumari mmoja, akausogeza machoni. Uso haukuonekana. Lakini pua, pua aliiona.