Ukurasa Mweupe wa Agar

Walikutana stesheni ya Kamina, katikati ya mifuko ya mihogo na watu waliochoka kungoja treni ya Lubumbashi. Agar, muuza samaki wakavu wa Kinkondja, alikuwa akisoma saa za treni kwenye kisimu chake cha vitufe. Kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri akachungulia.

"Mama, hii simu iko muzee kukupita."

"Inasoma. Yako kubwa inasoma nini ya kupita?"

"Ile page unasoma, njo minyi mwenyewe naitengenezaka."

Agar akacheka, na kicheko hicho kikamponza. Kwa miezi sita kijana huyo, Florent, alikuwa wake, akamnunulia liputa la buluu, kitenge cha kujifunga, kisha kazi ikampeleka Lubumbashi. Kwenye simu alikuwa bubu wa ajabu.

"Mudomo inafungana, sheri," alisema. "Kila Jumamosi, siku ya posho, angalia chini ya masaa ya treni. Nitakuandikia pale, bila jina."

Jumamosi mbili alitimiza. Ya tatu, ukurasa mzima ulikuwa mweupe. Agar alizima simu, akaiwasha, weupe uleule. Wenzake wenye simu kubwa waliendelea kusoma saa za treni, naye akaona Florent amemfungia mlango yeye peke yake. Kwa kiburi hakumuuliza mtu.

Mwezi ukapita hivyo. Jumamosi moja treni ikaingia, na Agar, ndani ya liputa la manjano, akamwona Florent dirishani. Florent alimtazama kutoka juu hadi chini, kisha akageuza uso. Hakushuka. Treni ikaondoka kuelekea Kananga.

Akampigia.

"Florent, umeniona."

"Nimekuona. Umevaa manjano."

"Manjano imekukosea nini?"

"Niliandika: nitapita na treni ya leo. Kama unaitika niende kwa baba yako, vaa buluu, nitashuka. Kama unakatala, vaa ingine."

"Uliandika wapi? Minyi naona mweupe tu, mwezi muzima. Si ulinifungia page?"

Magurudumu yalisikika nyuma ya sauti ya Florent.

"Uko na ile simu ya vitufe?"

"Ileile uliyocheka."

"Agar, niliibana page ikuwe ndogo, juu bantu basikule mega mingi ya internet. Simu kubwa zinajua kuibanua. Yako haijui." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliona mega zimepunguka, nikafurahi. Sikuuliza kama kuko mwenye hasomi tena."

"Na sasa?"

"Sasa page itauliza kila simu kwanza. Yenye haijui kubanua, itapata maandishi wazi."

"Na weye? Utauliza lini?"

Rezo ya simu ikakatika.

Kesho yake ukurasa ukafunguka, maandishi tu, saa za treni zimepangwa kama zamani. Chini yake: *Agar, niende kwa baba yako?*

Ukurasa huohuo ulisema treni ya kurudi ingefika baada ya siku nane. Agar alivaa liputa la buluu siku ileile, akaenda stesheni, akaketi peke yake mbele ya reli tupu.