Mvua Ndani ya Ghala la Rangwe

Jumamosi moja ya Aprili 1996, saa moja na nusu asubuhi, Marcella Akeyo alifungua kufuli la ghala kuukuu la pamba pale Rangwe, akausukuma mlango, na maji yakamwagikia viatu vyake. Alipoinua macho aliona mawingu. Mabati matatu ya paa hayakuwepo. Chini ya uwazi ule, masanduku ya vitabu vya shule za Migori yalikuwa yamekesha yakinyeshewa, na vitabu vilikuwa vimefura hadi vikapasua mbao.

Inspekta Priscilla Wangwe alipofika kutoka Homa Bay saa tatu, alikuta kosa la pili limekwisha kutendeka. Watu wa sokoni walikuwa wamesikia habari za mwizi wa mabati, wakamkamata mlinzi wa ghala, mzee Ogeto, wakampiga mpaka mkono wake wa kulia ukavunjika. Makonstebo walimwokoa kwa shida. Alipelekwa hospitali, na kwa kuwa hapakuwa na mshukiwa mwingine, akafungwa pingu kitandani.

Priscilla alisimama mlangoni, maji yakimfika kwenye vifundo. Yeye mwenyewe alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, na kitabu cha kwanza alichowahi kusoma nje ya darasa kilitoka katika sanduku kama haya. Kila wilaya ilikuwa na vitabu vyake, vikizungushwa shuleni, muhula huu hapa, muhula ujao pale. Sasa wizara na wafadhili walitaka maktaba za shule za Migori na Homa Bay ziwe kitu kimoja, makao yake Rangwe, chini ya mratibu mmoja. Vitabu vya Homa Bay vilikuwa vimepangwa upande wa kushoto wa ghala. Vya Migori vililetwa na lori Alhamisi, vikawekwa kulia. Kamati ya muungano ilikuwa ikutane hapo Jumanne kuupitisha mpango.

Upande wa kushoto ulikuwa mkavu.

"Funguo ziko kwa nani?" Priscilla alimwuliza Marcella, mratibu wa Homa Bay, mwanamke wa Kendu Bay mwenye ulimi mkali.

"Mimi, na Mwalimu Motari wa Migori. Mlinzi ana wa geti tu."

"Na jana ulikuja."

"Saa tisa mchana. Nilinyunyiza dawa ya mchwa, nikaenda. Paa lilikuwa sawa. Mvua ilianza jioni."

"Kwenye mkutano wa kamati ulisema vitabu vya Migori vinafaa kufungia nyama."

Marcella alitazama yale maji. "Nilisema. Kazi ni moja na sisi ni wawili, Afande. Mtu husema. Lakini nimeshika vitabu miaka kumi na minne. Angalia pale, halafu uniulize kama ningeweza."

Priscilla aliangalia, na hakuuliza.

Mwalimu Motari alifika kutoka Migori karibu saa tano. Alikuwa mtu mrefu, mwenye viganja vigumu. Kabla ya kupewa uratibu alikuwa amefundisha shule za mashambani, na mbili kati ya hizo aliziezeka mwenyewe wazazi waliposhindwa kupata fundi. Aliingia majini na viatu vyake, akainua kitabu. Jalada likambaki mkononi kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Niliwaambia ghala hili halifai," alisema kwa sauti ndogo. "Bati moja likilegea, vitabu elfu nne vimekwenda. Wavirudishe Migori hata hivi vilivyobaki."

"Mlinzi amevunjwa mkono, Mwalimu."

"Nimesikia pale stendi." Akakunja suruali, akaanza kubeba vitabu kuvipeleka nje.

Mchana huo konstebo aliyaona mabati nyuma ya ghala, yamelala ndani ya majani ya ng'ombe ya jirani. Priscilla akajiuliza ni mwizi gani anayeshusha mabati kisha anayaacha. Aliyageuza moja moja. Mawili yalikuwa yamechanika kwenye kila tundu, na misumari mingine ingali inaning'inia imepinda. La tatu lilikuwa tofauti. Matundu yake yalikuwa ya duara, mazima, wala halikuwa na msumari hata mmoja. Pembeni mwa kila tundu palikuwa na alama ndogo ya meno ya nyundo.

Basi mtu aling'oa misumari ya bati moja tu, akaliacha limelala mahali pake. Yale mengine yaling'olewa na upepo. Aliyepanda juu hakutaka mabati. Alitaka paa livuje.

Alirudi ndani. Juu ya meza ya Marcella, upande mkavu, palikuwa na sanduku lenye rangi ya kijani ya Migori, namba tisa. Aliliinua. Chini yake palikuwa pakavu, na kitako chake kikavu.

"Hili limefikaje hapa?"

"Nililikuta hapo jana nilipokuja na dawa," Marcella alisema. "Nikadhani Mwalimu amelisahau. Sijui hata lina nini. Yote yalikuja yamepigiliwa misumari."

Konstebo alibandua kifuniko. Ndani hamkuwa na vitabu vya dukani. Vilikuwa vijitabu vilivyoshonwa kwa uzi, hadithi ambazo wanafunzi wa Migori walisimuliwa na bibi zao, wakaziandika kwa kalamu, nyingine kwa Kikuria, nyingine kwa Kijaluo, nyingine kwa Kiswahili. Priscilla alifungua kimoja, akakifunga upesi. Aliyelihamisha sanduku hili alijua mvua itaingia upande gani, na alijua lina nini. Alilihamisha kabla ya Ijumaa saa tisa. Priscilla aliona ushahidi unaelekea kwa nani, na hakupenda.

Jumapili alikwenda hospitali. Mzee Ogeto alikuwa amelazwa, mkono mmoja kwenye plasta, wa pili kwenye pingu.

"Sikutoka getini," alisema kabla hajaulizwa. "Tangu Alhamisi sikutoka."

"Mzee, misumari iling'olewa kwa nyundo. Kelele za nyundo kwenye bati zinasikika hadi getini. Kama ulikuwepo, ulisikia. Kama hukusikia, hukuwepo."

Ogeto aliitazama pingu. "Nikisema nitafutwa kazi."

"Usiposema utafungwa. Sema, mzee. Itakusaidia."

Alilaza kichwa tena kwenye mto. Kisha akasema, "Alhamisi, lori lilipoondoka, Mwalimu alibaki kupanga masanduku. Akaniambia, mzee, hujala tangu asubuhi, nenda unywe chai, geti nitaliangalia mimi. Ni mtu wetu wa Kisii, na ndiye aliyeniombea hii kazi. Nilienda. Nilikunywa vikombe viwili, nikaongea na watu kidogo."

"Ngazi hukaa wapi?"

"Nyuma ya ghala. Siku zote."

Priscilla aliandika kila neno, akamsomea, na mzee akaweka kidole gumba cha mkono uliokuwa na pingu.

Jumanne jua liliwaka. Uwanja mzima mbele ya ghala ulikuwa umetandazwa vitabu, na Mwalimu Motari alikuwa amepiga magoti katikati yake, akitenganisha kurasa kwa kisu cha meza. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala. Alikuwa kwenye kazi hiyo tangu Jumapili. Priscilla alimwendea akiwa na Marcella na Afisa wa Elimu, mwenyekiti wa kamati.

"Mwalimu, Jumamosi kila mtu hapa alisema mabati matatu. Ulipoingia na kuliona lile tundu, wewe ulisema bati moja likilegea."

Motari aligeuza ukurasa.

"Ni moja tu lililong'olewa misumari. Mimi mwenyewe sikujua hadi mchana. Alhamisi ulimtuma mzee Ogeto akanywe chai, ukabaki peke yako na ngazi. Na sanduku la tisa ulilihamishia upande wa Homa Bay."

Kisu kilisimama. Marcella alifunika mdomo kwa leso.

"Nilitaka litone," Motari alisema. "Litone tu. Masanduku mawili matatu yalowe, leo kamati ikute madimbwi, iseme hapafai, vitabu virudi nyumbani. Shule za kule mpakani nimezipelekea masanduku kwa baiskeli, Inspekta, pale gari lilipokwama. Kutoka Rangwe ni nani atazifikia? Nilisema kwenye mikutano. Waliniitikia kwa kichwa, wakaendelea na ajenda."

"Mbona lile la tisa ulilitoa?"

"Vile haviuzwi popote."

"Basi ulijua mvua inaweza kuzidi."

Aliweka kisu chini. "Labda nilijua," alisema mwishowe.

"Na mzee Ogeto?"

"Nilipofika walikuwa wameshampiga. Nikajiambia, hata nikisema, mkono hautaunga. Jumapili nikajiambia hivyo hivyo. Leo asubuhi pia."

Alinyanyuka bila kuambiwa, akanyoosha mikono. Marcella akapiga magoti pale alipokuwa, akaokota kisu, akaendelea na ukurasa uleule.

Kamati ilikutana kama ilivyopangwa. Priscilla aliomba nafasi ya kusema. Alisema kwamba mtu huyu amekosa, lakini swali lake kuhusu shule za mpakani halijajibiwa. Afisa alimshukuru. Alisema muungano unaendelea, na kwamba shule za Migori zitatumiwa masanduku ya Homa Bay yatakapopatikana ya ziada. Hakuna aliyeuliza yatapatikana lini. Lile sanduku la tisa lilikuwa kielelezo cha kesi. Priscilla alilibeba yeye mwenyewe hadi kituoni, akalifungia stoo pamoja na pombe ya chang'aa na baiskeli za wizi, na karani wa mahakama akamwambia kwa simu kesi za mwaka uliotangulia bado hazijasikizwa.

Jioni alikwenda hospitali na ufunguo wa pingu. Mzee Ogeto alikisugua kifundo cha mkono kwenye shuka, kwa kuwa hakuwa na mkono mwingine wa kukisugua.

"Ni nani?" aliuliza.

Alimwambia. Mzee alitazama ukuta.

"Aliniona nikipigwa?"

"Hapana. Alikuja baadaye."

"Afadhali." Kisha akauliza, "Sasa nikitoka nirudi lini kazini? Mkono mmoja unaweza kushika tochi."

Priscilla alikuwa ameshakutana na mlinzi mpya kwenye geti la ghala. Afisa alikuwa ameisoma taarifa ya mzee, yenye alama ya kidole gumba, na hakuhitaji kusoma zaidi ya pale pa kuacha geti na kwenda kunywa chai. Maneno hayo mzee alikuwa ameyaficha hadi Priscilla alipomwambia yatamsaidia.

Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mzee," alisema, "ile taarifa yako, Afisa ameisoma."