Ndoo Haikuleta Vita

Jirani yetu, tunayemwita Mama Redio, anadai kwamba vita vile vya miaka sita vilianzia bombani. Eti mwanamke wa bondeni na mwenzake wa mlimani waligombania zamu ya maji. Wa bondeni akampiga mwenzake ndoo kichwani, na jioni ile ile nyumba zikawaka moto.

"Na mwenye ndoo yupo hapa hapa mtaani," aliniambia huku akichambua mchele. "Ni bibi yake yule Sindano."

Sindano alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Wembamba wake ndio uliompa jina hilo. Ningefunga mdomo, lakini wapi! Nilimnong'oneza mtu mmoja tu darasani, na ilipofika mapumziko kila mtu alikuwa akiimba, "Bibi Ndoo, turudishie babu zetu!" Sindano hakulia. Alinitazama mimi tu.

Kesho yake hakuja shule. Bombani, bibi yake alisukumwa nje ya foleni, akarudi bila maji.

Shangazi yangu, fundi wa kushona, aliposikia alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Mama Redio."

"Nawe ukabeba hivyo hivyo! Mimi nilikuwa kwenye foleni ile, mdogo kama wewe. Ndoo ilirushwa, ndiyo. Kesho yake yule wa mlimani akaenda kuomba chumvi kwa bibi yake Sindano, wakacheka!"

"Sasa vita vilitoka wapi?"

"Vilipikwa miaka! Wakubwa wa mlimani waliwanyang'anya watu wa bondeni mashamba. Aliyelalamika alifungwa. Wakatokea wengine wakawaambia vijana wa bondeni kwamba kila mtu wa mlimani ni mwizi, hata muuza karanga. Kisha zikaja bunduki, malori mazima! Nani anaagiza malori ya bunduki kwa sababu ya ndoo?"

"Kumbe makosa ni ya watu wa mlimani?"

Shangazi alipiga meza, vifungo vikaruka.

"Unatafuta tena wa kumbebesha! Mimi na baba yako si wa mlimani? Tulichukua shamba la nani? Waliopanga wana majina yao. Tunamkamata kikongwe kwa sababu hawezi kutufanya kitu!"

Alinishika mkono hadi bombani. Bibi alikuwa amerudi na Sindano, wamesimama kando na ndoo yao. Mbele ya foleni nzima nikasema, "Nilieneza uongo. Bibi, nisamehe."

"Mimi nilisikia tu," Mama Redio alijitetea kutoka kwenye foleni.

"Kwa nani?" Shangazi aliuliza.

Mama Redio akainamia ndoo yake. Watu wakasogea, bibi akapita mbele akakinga maji.

"Habari ya vita muulize aliyeviona," Shangazi aliniambia kwa hasira. "Ukimsingizia asiyehusika, waliofanya wanatulia, na siku moja watafanya tena."

Nilimsogelea Sindano.

"Kesho utarudi kwenye dawati letu?"

Alijitwisha maji, akamshika bibi yake mkono, wakaondoka.